Malkia Aliyevaa Bafta

Mwanasiti ni mtu wa hodi. Hata nyumba yake ikiungua, nadhani atasimama kwanza mlangoni kwa jirani apige hodi, ndipo aombe ndoo. Asubuhi ile aliingia kwangu kwa mlango wa uani kimya kimya, ushungi umemteleza begani, simu kaishika kwa mikono miwili kama aliyebeba bakuli la uji wa moto. Mimi nilikuwa napeta mchele.

"Bi Turkiya," akasema, "kaa."

"Si nimekaa, huoni?"

"Basi weka huo ungo chini."

Nikauweka. Akanigeuzia simu.

Alikuwa Azza, mjukuu wangu, binti wa mwanangu Yaarub, niliyemlea mimi tangu baba yake alipohamia Maskati kikazi. Kalala chali juu ya ubao. Macho kayafumba. Mikono imenyooshwa ubavuni, vidole vimetulia. Kavikwa nguo nyeupe kuanzia mabegani mpaka miguuni, na kifuani wamemtupia maua ya asumini.

Nikaitazama ile nguo. Sikuutazama uso tena, niliitazama nguo, maana hapa Nguvumali mwosha ni mimi. Mwanamke akifariki wanakuja kuniita, na Mwanasiti huja kunimiminia maji. Nguo ya maiti naijua kwa macho na kwa vidole. Haishonwi. Haina pindo, haina kifungo, haina mkono wa kuingiza mkono. Kitambaa kinakunjwa, kinapitishwa, kinafungwa kwa ukanda uliochanwa kwenye kitambaa hichohicho, basi. Mwanamke aliye hai huvaa kilichopita kwenye sindano, hata kama ni kigauni cha kulalia.

Nguo ya Azza haikuwa na mshono. Nilitafuta mshono ubavuni, nikatafuta begani, nikamwambia Mwanasiti aikuze picha. Begani kitambaa kimekusanywa tu na kushikizwa. Chini ya matiti kimefungwa ukanda. Kitambaa cheupe chepesi, bafta, kile kile ninachokikata kila mara.

Halafu nikaona nywele. Nywele za maiti wa kike tunazisuka mikia mitatu. Azza alisukwa mikia mitatu, mmoja umeletwa mbele ya bega.

"Nani kamsuka?" nikauliza. Ndilo swali lililonitoka.

"Sijui, shoga yangu. Sijui."

Nikatafuta pamba puani, sikuiona. Picha ilikuwa ya upande, na simu ya Mwanasiti ina ufa katikati ya kioo, ufa wenyewe ulipita palepale juu ya pua. Chini ya picha watu wa mtaani walikuwa wanaandika. Inna lillahi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwingine kaweka vichwa vinavyolia machozi.

"Nani kaileta?"

"Imeingia kwenye kundi letu la mtaa, aliyeianza hajulikani. Wanasema..."

"Sema, Mwanasiti."

"Wanasema gari la wale watu wa tamthilia limepinduka njia ya kupanda Amani, kule milimani. Kwa ajili ya mvua."

Azza alikuwa amechukuliwa kuigiza tamthilia ya televisheni, habari za malkia wa Pwani wa zamani. Alipokuja kuniaga aliruka ruka humu ukumbini. "Bibi, mimi malkia! Navaa taji, nakaa kitini, naamrisha watu!" Nikamwambia huko kuamrisha umekuanza zamani, hukungoja taji. Tukacheka. Habari ya kufa hakuitaja. Malkia aliyenitajia alikuwa hai mwanzo mpaka mwisho.

Tukampigia. Haipatikani. Tukampigia tena. Yule mwanamke wa ndani ya simu anasema kwa upole ule ule, haipatikani, jaribu baadaye, na mimi nilitamani nimshike shingo.

Hapo wakaingia majirani wawili wa nyumba ya nyuma. Nao hawakupiga hodi. Wamebeba mkeka wao, wakaukunjua katikati ya ukumbi wangu, wakakaa, mmoja kaanza kujifunika uso.

"Mnafanya nini?" nikasema.

"Subira, Bi Turkiya. Sote njia ni hiyo."

"Kunjeni mkeka."

"Bi Turkiya..."

"Nimesema ukunjeni! Mtoto wangu hajafa mpaka nimshike kwa mikono yangu. Mnanitandikia mkeka wa matanga kwa picha?"

Wakatazamana. Mmoja alikunja ncha moja ya mkeka kidogo, kama mtu anayekubali nusu. Nikavaa buibui. Nikaingiza kichwa pasipo pa kichwa, Mwanasiti akanisaidia. Alipokuwa ananivuta nguo kichwani niliogopa lile giza la ndani ya buibui, jambo ambalo halijanipata tangu utoto.

Tadeo, jirani yetu mwenye teksi, hakuuliza maswali. Alifungua mlango wa gari akasema, "Shikamoo mama. Twende," akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mwanasiti akaingia nyuma pamoja nami, kapakata mfuko mweusi wa plastiki.

Tukapita Pongwe. Nilikuwa nasoma ninayoyajua, nikifika katikati napotea, naanza upya. Mfuko wa Mwanasiti ukawa unatoa sauti kila gari likiruka shimo. Kitu kigumu kinagonga kitu kigumu.

"Umebeba nini?"

"Maandazi. Ya njiani."

"Maandazi hayagongani."

Akaukumbatia mfuko. Nikauvuta. Akauvuta. Wazee wawili tunanyang'anyana mfuko kwenye gari kama watoto wa madrasa. Ukafunguka upande, nikaona kopo letu la kumiminia maji, sabuni mbili, glavu, na kile kitambaa kirefu tunachomfunikia maiti tukimwosha.

Nikaligusa kopo kwa kidole.

"Mwanasiti."

"Nisamehe."

"Mwanasiti, umenibebea vyombo vya kumwosha Azza?"

"Kule kuna watu wa kila namna," akasema, sasa analia. "Nimeona ile nguo walivyomfunga, ukanda umekaa juu mno. Nikasema hawa hawajui. Sitaki aguswe na wasiojua. Kama ni yeye, basi tuwe sisi. Ningekwambiaje?"

"Tadeo, geuza tukavirudishe."

"Mama, tunaingia Muheza sasa," akasema Tadeo.

Nikausukuma mfuko chini ya kiti kwa mguu. Lakini nilikuwa nimeshaviona. Na mikono yangu, wallahi, ilikuwa imeshaanza kazi yenyewe. Nilikuta mkono wa kulia unakunja mkono wa buibui, mkunjo mmoja, mkunjo wa pili, kama ninavyofanya nikisimama mbele ya maiti. Nikaukunjua. Baada ya muda nikaukuta umejikunja tena. Kazi ya miaka yote, mikono haingoji kuambiwa. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko picha. Mimi nakataa, mikono imekubali.

Simu yangu ikalia. Yaarub, kutoka Maskati.

Nikaitazama ikilia. Mwanasiti akasema pokea. Nikasema siwezi. Akasema, ni baba yake. Nikapokea.

"Mama! Mama, nimetumiwa picha. Mama, mtoto yuko wapi?"

Nilifungua mdomo. Ningesema yu salama, ningekuwa nimesema nisilolijua. Ningesema lile jingine, ningekuwa nimemuua kwa ulimi wangu.

"Niko njiani kumfuata," nikasema.

"Kumfuata yeye au kumfuata..." Nilisikia anavuta pumzi kwa kelele, mtu mzima mwenye mvi.

"Kumfuata Azza. Nikimwona nitakwambia. Kaa hapo hapo, usiandike chochote, usijibu mtu."

"Mama, niambie amekufa au hajafa."

"Yaarub, mwanangu, mimi sijui."

Tulipopita Sigi, pale msitu unapoanza, simu zote zikakatika. Nitasema kweli, nilishukuru. Barabara ikawa nyembamba, udongo mwekundu umelowa, upande mmoja mlima, upande mwingine miti imeshuka bondeni hata chini hakuonekani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti. Tadeo alikuwa anaendesha kwa kusogeza uso karibu na kioo. Kila kona nilitazama bondeni, natafuta gari lililopinduka, halafu natazama pembeni ili nisilione. Kona moja kulikuwa na matairi yamechimba ukingoni mwa barabara, majani yamevunjika. Tadeo akapunguza mwendo. Mwanasiti akanishika paja.

"Hiyo ni alama ya lori la magogo," akasema Tadeo. "Ni ya zamani hiyo, mama. Majani yamekauka."

Niliendelea kutazama bondeni.

Tulifika alasiri imeshaingia. Ni nyumba ya zamani ya mawe, nje kidogo ya Amani, ina baraza pana na nyasi mbele yake. Pembeni magari matatu, mazima, hakuna lililopinduka. Hilo lingenipa moyo. Lakini pale kwenye nyasi nikaona watu wamesimama wameizunguka meza au kitanda, watu wengi, wote kimya, wote wameinamisha vichwa. Wanawake wamejifunika nguo nyeusi. Katikati yao kuna kitu cheupe kimelazwa.

Sijapata kuona watu wengi kiasi kile wakiwa kimya vile isipokuwa kwa jambo moja tu.

Mwanaume mmoja akatuona tukishuka garini. Akainua mkono, akaweka kidole mdomoni, kwamba tunyamaze. Mwanasiti akaanza kulia kwa sauti ya chini. Nilimsikia nyuma yangu akirudi garini, nikasikia mfuko wa plastiki ukivutwa.

Mimi nikaenda. Miguu yangu hii ya kuuma magoti ilikwenda. Nyasi zimelowa, kiatu kimoja kikabaki, sikugeuka. Wale watu wakanipisha, maana buibui langu lilikuwa jeusi kama nguo zao, labda walidhani mimi ni mmoja wao. Nikafika mbele ya ubao.

Alikuwa yeye. Uso umepakwa kitu cheupe cheupe, midomo imefifia. Mikia mitatu ya nywele. Nikainama, na kabla sijamgusa harufu ikanipata, karafuu maiti. Si kwamba nilifikiri. Karafuu maiti haifanani na harufu nyingine, nakaa nayo mikononi siku nzima kila nikitoka kumwosha mtu. Ilikuwa inatoka ndani ya ile nguo, kifuani pa mjukuu wangu.

Nikasema bismillahi, ile ya kuanza kumwosha. Ilitoka yenyewe. Nikaweka kiganja shingoni mwake.

Palikuwa baridi.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Ukungu wa Amani unapoza kila kitu, mawe, nyasi, watu. Lakini hilo sikulijua wakati ule. Nilijua shingo ya baridi na harufu ya karafuu maiti. Nikaanza kuutafuta ukanda ili nimfungue, nianze upya, nimfanye inavyotakiwa.

"Bibi?"

Macho yamefunguka. Yananitazama.

Nilipiga kelele. Azza naye akapiga kelele, akaketi, maua yakamwagika. Wanawake wenye nguo nyeusi wakapiga kelele. Mwanasiti aliyekuwa anakuja na kopo mkononi, akaona maiti ameketi, akatupa kopo na kukimbilia nyuma ya mti, buibui kalishika mpaka magotini.

"Kata!" mtu akapaza sauti. "Kata! Nani huyu? Nani kamruhusu?"

"Ni bibi yangu!" Azza akasema. "Kaka Mathew, ni bibi yangu! Bibi, kuna nini? Kuna mtu kafa nyumbani?"

Swali lile lilinikalisha chini. Nilikaa palepale kwenye nyasi zenye maji, nimeshika mguu wake, nikaupapasa, unyayo, kifundo, goti, nikapanda mpaka mikono, mpaka masikio. Akaniachia. Alikuwa anatetemeka kwa baridi na alikuwa hai.

"Wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye umekufa nyumbani. Wamekutandikia mkeka."

Ikabidi ielezwe pande zote mbili. Picha ile ilipigwa siku iliyotangulia na mmoja wa wale wanawake wa kuigiza kilio, akaituma alipokwenda Muheza kununua vocha, kwa kujisifu tu kwamba yumo; gari la kupinduka waliliongeza watu njiani. Malkia anakufa mwisho wa hadithi. Azza alinificha kwa sababu ya kazi yangu. "Nilijua utakataa, Bibi. Nilitaka uione ikishakwisha."

"Nimeiona."

Nikamtuma Tadeo ashuke mpaka penye mtandao ampigie Yaarub kabla ya yote. Mwanasiti, aliyetoka nyuma ya mti na majani kichwani, akasema maneno hayatatosha, watu wa mtaani hawataamini. Basi Azza akavishwa koti la Tadeo juu ya ile nguo, akapewa biskuti, akapigwa picha anatafuna mdomo wazi.

"Tafuna zaidi," Mwanasiti anamwambia. "Onyesha meno. Maiti haonyeshi meno."

Tadeo akashuka na picha. Nami nikauliza nani kaishona hii nguo.

"Haijashonwa, bibi," akasema dada mmoja mwembamba mwenye miwani, pini zimejipanga kwenye ukosi wake kama miiba. "Shikamoo. Mimi naitwa Ruthi, ndiye ninayewavisha."

"Marahaba. Najua haijashonwa. Nataka kujua kwa nini."

Akanionyesha picha kwenye kompyuta yake ndogo. Ni mwanamke wa jiwe, mweupe, pua imevunjika. Kavaa kama Azza. Kitambaa kimoja kipana, kimezungushwa mwilini, kimekunjwa juu kikaanguka kifuani, kimeshikizwa begani huku na huku, kikafungwa ukanda. Mikunjo inashuka kama maji ya bomba. Na nywele kasukwa mikia, mmoja umeletwa mbele ya bega.

"Huyu naye kafa?"

"Huyu ni sanamu, bibi. Ni ya Wagiriki wa kale, zamani sana. Ndivyo walivyovaa, hawakukata wala kushona."

"Wagiriki waliokuwa na mashamba ya mkonge hapa walivaa kaptula," nikamwambia. "Nimewaona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Kaptula na kofia."

Ruthi akacheka, halafu akaona mimi sicheki. "Wale ni wa juzi. Hawa ni wa kabla yao. Sasa kwenye tamthilia za dunia nzima, ukitaka malkia, mvike hivi. Watazamaji wameshazoea. Wakiona mikunjo hii, wanaona ufalme."

"Malkia wetu ni wa Pwani. Mbona asivae leso na ukaya wa kichwani?"

"Nilitaka hivyo. Nikaambiwa watu wakiona leso wanaona jirani yao."

Hakuwa mjeuri. Alisema kama mtu aliyelitafakari na kulikubali bila kulipenda, na mikunjo yake ilikuwa mizuri, sikatai. Nikamuuliza kitambaa alikipata wapi. Akasema dukani, Tanga mjini, bafta, kwa kuwa inaanguka vizuri na haing'ai kwenye taa.

"Na mwenye duka alikuuliza nini?"

Akafikiri. "Aliniambia pole. Nikadhani ni pole ya jua. Akauliza ni ya mwanamke au mwanamume. Nikasema mwanamke, mrefu, mwembamba. Basi alinihudumia vizuri, akapima mwenyewe, akachana vipande, na ukanda akanichania. Akaongeza pamba na kipakiti cha vidonge vyeupe vya kunukia. Nikajua ni vya kufukuza nondo. Nikaviweka sandukuni pamoja na nguo."

Mwanasiti akajishika kinywa.

"Mwanangu," nikamwambia Ruthi, "kwenu mtu akifa mnamvisha nini?"

"Kwetu Lushoto? Gauni lake la kanisani. Kama alikuwa na suti, suti."

"Hiyo uliyoinunua ni sanda, na hivyo vidonge ni karafuu maiti. Amekukatia sanda kamili, ya mwanamke mrefu mwembamba."

Ruthi alirudi nyuma hatua nzima. Akaitazama nguo, akaitazama mikono yake iliyoipanga. "Yesu wangu," akasema. Uso ulimbadilika, akamtazama Azza, na nikaona hofu yangu imemwingia na yeye, jambo ambalo halikunipunguzia yangu hata kidogo.

Nikasema avuliwe. Sikupaza sauti. Nilisema avuliwe sasa hivi, twende nyumbani.

Mathew, yule mwongozaji, akaja, akachuchumaa mbele yangu kwa adabu. Akasema pole bibi, hatukujua. Lakini malkia ameshaonekana na nguo hiyo kwenye vipande vyote vya mwisho, kubadili haiwezekani, na kimebaki kipande kimoja, cha kulala tu. Nikamwambia sitaki. Nikamuuliza Ruthi kama anaweza kutia mshono, mmoja, ubavuni, wa kidole kimoja, iwe nguo iliyopita kwenye sindano. Ruthi akaleta uzi, akajaribu, kweli alijaribu. Mikunjo yote ikavutwa upande mmoja ikawa kama pazia lililonaswa na mlango. Mathew akatikisa kichwa. Ruthi akaukata uzi taratibu bila kunitazama.

Azza akaniinamia. Alinuka vibaya, mtoto yule, alinukia kazi yangu.

"Bibi. Malkia akifa leo, kesho niko Nguvumali nakupikia chai. Asipokufa leo, nitakaa huku na nguo hii mpaka afe."

"Usiseme hivyo."

"Ndivyo ilivyo. Nimemwigiza tangu mwanzo, siwezi kumwacha hapo. Ni kulala tu, Bibi. Wewe si utakuwepo?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, kuwepo. Nikimtazama amefumba macho ndani ya nguo ile, sitajua. Hata nikiwa hatua mbili, sitajua, kama sikujua nilipomshika shingo. Nimefumba macho ya watu wengi. Najua wanavyofanana na waliolala. Je, akilala halafu asiamke, na mimi nimesimama palepale natazama kama mtu anayetazama televisheni?

Nikafikiri, nikamvuta sikio.

"Utakapolala," nikamnong'oneza, "uwe unachezesha kidole gumba cha mguu. Kile cha kulia."

"Bibi, wataona."

"Na waone. Maiti vidole vyake tunavifunga pamoja, havichezi. Wewe kicheze, nikione. Kikisimama, nakuja kukunyanyua, kamera ikiwepo isiwepo."

Akanitazama muda, akaona sitanii. "Haya," akasema.

Wakampangia mikunjo upya, mkunjo juu ya mkunjo. Wakarudisha maua. Wanawake wakainamisha vichwa. Kila mtu akanyamaza, na zile nyasi na ule ukungu vikarudi vile vile nilivyovikuta, ikawa kama safari yote ya kujua kwamba yu hai imefutwa.

Nikatazama kidole.

Hakikucheza.

Wanawake wakaanza kulia. Wanalia vizuri, wamelipwa kwa hilo, lakini masikio yangu hayakujua tofauti. Kidole kimetulia, kucha imekuwa ya buluu kwa baridi. Nilianza kukunja mkono wa buibui. Mwanasiti akaniona, akanishika kiwiko. "Ngoja," akanong'ona. Nikasema sikioni. "Ngoja, Turkiya." Nikainua mguu.

Kikacheza.

"Kata!" Mathew akasema. "Azza, mguu!"

"Samahani, kaka."

Wakarudia. Kimya, vilio, ukungu. Kikacheza tena, safari hii mara mbili, kama mtu anayegonga mlango.

"Kata! Jamani, Azza!"

"Samahani."

Mathew akageuka akanitazama mimi. Nikamtazama. Alizungumza na Ruthi pembeni, Ruthi akaja, akaishusha ncha ya bafta mpaka ikafunika miguu yote, akapanga mikunjo mirefu juu yake kama ya yule mwanamke wa jiwe. Aliponipita aliniminya bega.

Sasa kidole hakionekani. Kuna weupe tu. Wakaanza upya. Niliushika mkono wa Mwanasiti mpaka akaguna, macho nimeyatia kwenye ile mikunjo ya mwisho, pale miguuni, siwezi hata kupepesa. Wanaume wanne wakashika ubao, wakaunyanyua. Mjukuu wangu akapanda juu mabegani mwao, mweupe, kimya, akaanza kuondoka mbele yangu.

Chini kabisa ya bafta, mkunjo mmoja ukapanda kidogo, ukashuka. Ukapanda tena. Mathew alikuwa anatazama kwenye kioo cha kamera, na safari hii hakusema kata. Nikawafuata nyuma, kiatu kimoja mguuni, nautazama ule mkunjo.